Daftari la Ami na Mtaa wa Kongo

Nikisema nimezaliwa Kariakoo, vijana huniuliza, "Sasa mlikuwa mnalala wapi?" Siwalaumu. Kariakoo wanayoijua wao ni ya kwenda kununua, kusukumwa, kukumbatia pochi, kisha kurudi kwao Mbezi au Gongo la Mboto. Haiwaingii akilini kwamba kule kulikuwa na vitanda vya kamba, vyandarua, kuku wanaoatamia nyuma ya choo na watoto wanaochapwa kwa kutoroka chuo cha Kurani. Sisi tulilala hapohapo. Nyumba ya bibi yangu, mama yake baba, ilikuwa ya tatu ukikunja kona kutoka Mtaa wa Kongo. Alfajiri unaanza kusikia adhana, halafu magurudumu ya mikokoteni ya viazi inayoelekea sokoni, halafu mama uani akigombana na kuni mbichi ili vitumbua viwahi kutoka barazani kabla wafanyakazi hawajapita.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, kama karibu zote za pale: vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, ukumbi katikati unaokutoa barazani mpaka uani. Kuta za miti na udongo zilizopigwa lipu, juu bati lenye kutu. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yaliyokwenda ni maghorofa ya Uhindini, ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Ya bibi haikufika hata karibu na hapo. Alikuwa akisema, tena kwa majivuno, kwamba unyonge wa kuta zake ndio uliomwachia nyumba.

Sisi tulikaa vyumba viwili vya nyuma. Vilivyobaki vilikuwa na wapangaji: fundi cherehani kutoka Tanga, kuli wa bandarini na mkewe, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye hatukuwahi kumwona akicheka. Chumba cha mbele, mkono wa kulia, kilitobolewa dirisha pana la mbao linalofunguka kwa juu. Hilo ndilo lilikuwa duka la Ami.

Ami alikuwa Mshihiri. Baba yake ndiye aliyetoka Hadhramaut, kule Yemen. Yeye alizaliwa hapahapa mjini, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha yule mwalimu. Jina lake tulilijua, lakini hakuna mtoto aliyethubutu kulitamka. "Shikamoo Ami." "Marahaba, nani kakutuma, na kakupa pesa au maneno?" Alilala humohumo dukani, nyuma ya rafu, kwenye godoro analolikunja kabla ya swala ya alfajiri. Kwa hiyo duka halikuwa na saa ya kufunga. Mtoto akishikwa na homa usiku wa manane unagonga dirisha, unasikia akikohoa, kibatari kinawaka, unapewa vidonge viwili vya Aspro na maelezo ambayo hukuyaomba.

Vitu vyake vilikuwa vya kupimwa. Mchele na unga kwa kibaba, mafuta ya taa kwa kopo lenye mpini mrefu, mafuta ya kula kwa kipimo kidogo zaidi ambacho kila mama alikishuku. Mche wa sabuni aliukata vipande kwa kisu, na tuligombania kutumwa sabuni kwa sababu makombo yake alituachia, tukayafanyia mapovu. Ukinunua lazima useme, "Ami, nyongeza," naye lazima akatae kwanza, ndipo akutupie kipande cha kashata au punje chache za njugu. Mtoto aliyeondoka bila kuomba nyongeza alirudishwa na mama yake, tena kwa aibu: umeshindwaje kudai?

Mtaa wa Kongo wenyewe, nyakati hizo, haukuwa mtaa wa nguo. Ulikuwa na vinyozi, mafundi baiskeli, maduka ya vyakula, wauza kahawa na mafundi cherehani waliotandaza mashine barazani. Nguo zilikuwa za Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya kanga na vitenge, na tulikwenda huko kwa sababu maalumu, kama harusi. Kilichovuta watu wa mbali kilikuwa Soko Kuu, lile jengo lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye paa la miamvuli ya zege iliyogeuzwa juu chini. Tuliambiwa mvua yote ya juu hushuka ndani ya nguzo na kuingia kwenye tangi chini ya ardhi, basi masika tukawa tunakwenda kutega sikio kwenye nguzo. Walinzi walitufukuza, tukarudi. Chini kule Shimoni ndiko wenye kununua kwa magunia walikoshuka, na harufu ya vitunguu vilivyolowa ilikufuata hadi nyumbani.

Sitaki kuipamba. Choo kilikuwa cha shimo, na mvua kubwa ikija kilipanda. Panya walikuwa wakubwa. Faragha haikuwepo: kuli na mkewe wakigombana, nyumba nzima tulijua sababu, na kesho yake Ami alijua, na kesho kutwa mtaa mzima. Lakini kule kujuana ndiko kulikoendesha biashara, na hili nililiona wazi mwaka 1983.

Tangu vita vya Kagera vimalizike, bidhaa zilikuwa zimeadimika. Sabuni, sukari, dawa ya meno, betri, khanga: vyote vya foleni. Tulikula ugali wa unga wa njano, watu wakauita unga wa Yanga, na nyumba ambayo bibi ni Simba wa kufa unaweza kufikiria matani ya mezani. Watoto ndio tuliotumwa kushika nafasi kwenye foleni. Ukichoka unaweka jiwe au kikapu mahali pako unakwenda kucheza, na jiwe liliheshimiwa. Duka la Ami likawa na rafu tupu mbele na, nyuma, vitu vichache ambavyo hakuviweka wazi. Kila mtu alijua. Bei ya serikali ilikuwa moja, bei ya mlango wa nyuma nyingine.

Machi 1983 ikaanza vita ya wahujumu uchumi, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Redioni ni majina ya waliokamatwa na orodha ya walichokutwa nacho. Usiku watu walitupa mali. Asubuhi moja tulikuta doti za khanga, mpya kabisa, kwenye mtaro wa maji machafu, na hakuna aliyeinama kuzichukua, hata sisi watoto, kwa sababu kila mtu mzima alisimama mlangoni akitutazama. Ami alichofanya ni kufungua dirisha lake alfajiri na kuuza kila alichokuwa nacho kwa bei ya serikali, kipande kimoja kwa kila mtu. Foleni ilizunguka kona. Kabla ya adhuhuri alikuwa hana kitu.

Halafu jioni alikuja uani, jambo ambalo hakulifanya bila kubisha hodi mara tatu. Akamwita bibi pembeni. "Bi Mkubwa, nakuwekea hiki." Kilikuwa kaunta buku lake la madeni, lenye jalada gumu, limefungwa kwa mpira wa tyubu.

Ndani yake Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Majina hayakuwa majina: "mke wa kuli", "fundi", "mwalimu asiyecheka", "mama wa vitumbua", yaani mama yangu, "kijana wa mkokoteni mwekundu". Mbele ya kila mmoja, vibaba na senti. Bibi alisoma chuoni utotoni kwake, kwa hiyo herufi zile alizijua. Sidhani kama palikuwa na mtu mwingine pale nyumbani aliyeweza kuzisoma. Siku chache baadaye walikuja kumchukua Ami. Alikaa ndani majuma kadhaa, akaachiwa, sikuwahi kuambiwa kwa kosa gani wala kwa nini waliona hana kosa.

Katika majuma yale ndipo nilipojifunza biashara, ingawa sikuwa na habari kwamba najifunza. Mwisho wa mwezi watu walianza kuja uani kwetu. Kuli alikuja. Fundi alikuja. Kijana wa mkokoteni alikuja na nusu ya deni, akaahidi nusu. Hakuna aliyetumwa kudaiwa. Bibi anavaa miwani yake iliyofungwa uzi, anatafuta mstari kwa kidole, anapiga alama, pesa zinaingia kwenye kopo la Blue Band. Mwalimu asiyecheka alilipa zaidi ya kilichoandikwa, akasema Ami alisahau kuandika sukari ya mwezi uliopita. Wawili hawakulipa. Ninawajua, na mmoja bado yu hai, na tukikutana msibani bado namwangalia mikono.

Kwa miaka mingi niliamini watu wale walilipa kwa sababu walikuwa wema kuliko sisi wa leo. Sasa siamini hivyo. Walilipa kwa sababu bibi aliwaona wakipita kwenda kuoga kila asubuhi. Utamkwepaje mtu ambaye ndoo yako inasubiri foleni ya bomba nyuma ya yake? Deni la Kariakoo ya wakati ule halikuhitaji hati kwa kuwa mdai, mdaiwa na shahidi walitumia choo kimoja.

Mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa sana wamezipata wapi, na mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akaingia Ikulu, akaitwa Mzee Ruksa. Mtaani tuliona kwa macho. Kwanza sabuni, za rangi na harufu ambazo hatukuzijua. Halafu mitumba, marobota kwa marobota, yakifunguliwa barabarani kwa kisu huku watu wakirukia. Halafu redio kaseti. Ami alifurahi kuliko wote, akajaza rafu mpaka dari, na hakujua kwamba mzigo ule ndio utakaomwondoa.

Ilikuwa hivi. Mtu mwenye mzigo kutoka Dubai alihitaji mahali pa kuuzia karibu na sokoni. Kodi ya mwaka mzima ya chumba cha fundi, yeye aliweza kuitoa kwa mwezi, tena kwa miezi sita mbele. Nyumba ya jirani ndiyo ilianza: wakavunja baraza, wakasogeza ukuta mbele, chumba kimoja wakakigawa fremu mbili, yaani vyumba viwili vya duka. Iliyofuata ikafanya hivyo. Baraza moja baada ya nyingine zikaondoka, na sijui kama kuna aliyeona kwamba zinaondoka, maana kila mmoja alikuwa anatazama ya kwake. Wauza kahawa wakakosa pa kukaa wateja wao. Wazee wa bao wakahamia chini ya mti, mti ukakatwa, wakahamia kwao. Mafundi cherehani walikuwa wa kwanza kwenda kwa sababu mashine zao zilikuwa zimeketi juu ya baraza za watu. Fundi wetu alihamia Buguruni, akaniachia kopo la vifungo ambalo ninalo hadi leo.

Bibi aligoma. Madalali walikuja mpaka akawa anawajua kwa hatua zao. "Mpangaji wa fremu," alisema, "hachoti maji, hafagii uwanja, na akifa sitajua." Tulimcheka. Baba alimwambia wazi kwamba anakataa pesa. Mwishowe ni Ami aliyelegea. Wateja wake walikuwa wamehama, kwa kuwa wapangaji wa vyumba ndio waliokuwa wateja wake, na mwenye duka la jeans hanunui kibaba cha unga. Akahamia Temeke kwa mwanawe. Siku ya kuondoka alifuta madeni yote yaliyobaki kwenye kaunta buku, kisha akamwambia bibi yale ya wale wawili hayakufutwa.

Kufikia miaka ya tisini Mtaa wa Kongo ulikuwa umekuwa ule mnaoujua. Nguo zimening'inizwa pande zote, wamachinga katikati, gari halipiti, na mkokoteni unapita kwa sauti tu: "Mzigo! Mzigo huo!" Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kuniambia nitafute kazi. Nikaamua kuuza khanga na vitenge maofisini. Kazi hii wanawake wengi wa Dar wanaijua: unabeba mfuko, unazunguka wizarani na bandarini, kina mama wanachukua, wanalipa mwisho wa mwezi. Ili ukopeshe lazima na wewe ukopeshwe. Mtaji sikuwa nao hata wa doti moja.

Nilikwenda kwa mama mmoja mwenye duka la jumla kule Uhuru, nikaomba mali kauli, yaani mzigo wa kuchukua sasa na kulipa baadaye. Nilitegemea aniulize nina nini. Aliniuliza mimi wa wapi. Nikamwelekeza. "Mjukuu wa Bi Mkubwa wa kaunta buku?" Kumbe habari ile ilikuwa imevuka mitaa. Akanipa nusu korja ya khanga bila kuandika popote, akaniambia tu, "Mwisho wa mwezi nitapita kumsalimia bibi yako." Ungekuwa mimi, ungechelewesha? Hata wateja wangu wa ofisini waliponizungusha, nilikopa kwingine nikalipa, kwa sababu yule mama akipita kumsalimia bibi yangu na mimi nikiwa na deni, bora nihame nchi.

Miaka ile niliipenda Kongo kwa namna ya mtu mzima. Walikuja Wazambia, Wamalawi, Wakomoro. Walikuja Wakongomani wa Lubumbashi, wanaongea Kiswahili chetu kikiwa kimepita njia nyingine, wakihesabu dola mezani na kucheka bei zetu. Niliwafungia mizigo mpaka usiku. Mtu yeyote anayesema mtaa ule uliharibika anasema hivyo kwa kuwa hakulipa ada ya watoto kwa pesa yake. Mimi nililipa.

Bibi alipofariki, ule ulikuwa msiba wa mwisho ninaoukumbuka kufungiwa barabara pale kwetu. Turubai lilikingwa kutoka paa letu hadi la nyumba ya mbele. Wenye fremu waliofungua mlango wakaufunga tena, hata wasiotujua. Vijana wa mikokoteni walifika kwenye kona, wakaona turubai, wakageuza wenyewe na mzigo wao mzito kuzunguka mtaa wa pili. Ami aliletwa kutoka Temeke, hawezi tena kutembea vizuri, akaketi kwenye kiti cha plastiki mahali ambapo dirisha lake lilikuwapo.

Baada ya arobaini zikaanza habari za mirathi. Warithi walikuwa wengi, wengine tulikuwa tunawasikia tu. Hakuna aliyeweza kuwanunua wenzake. Akaja mtu mwenye pesa na pendekezo ambalo Kariakoo nzima imelisikia: ninyi mna kiwanja, mimi nina zege, nitajenga ghorofa, nitakula kodi miaka kadhaa, halafu tutagawana. Wakasaini. Mimi sikuwa mrithi, baba ndiye, nikashika kalamu yake mkono ukitetemeka. Wazazi wakahamia Mbagala, baba mdogo Chanika, shangazi Tabata. Nyumba ya udongo iliyojengwa kwa miaka ilianguka kabla ya saa sita mchana. Ghorofa lilipokwisha, chini zikaingia fremu ambazo huwezi kunyoosha mikono yote miwili, na kila moja ikawa na kilemba chake, ile pesa ya kuingilia ambayo haihesabiki kwenye kodi. Siku nilipokwenda kuliona, winga mmoja, hawa vijana wanaowatafutia wateja bidhaa kwenye maduka ya watu, alinishika mkono mlangoni: "Mama karibu, unatafuta nini, nikupeleke?" Nikamwambia natafuta choo. Akanionyesha choo cha kulipia. Nililipa.

Niseme kitu kuhusu usiku. Zamani Kariakoo ya saa nne usiku ilikuwa na watu kwa kuwa watu waliishi pale: chipsi, kahawa, redio, ugomvi, Simba wakishinda basi Msimbazi hakulaliki. Familia zilipoondoka, usiku ukawa wa walinzi na mbwa. Maduka yakawa yanafungwa jioni, mageti ya chuma yanashuka, mtaa unabaki na maboksi. Mwaka 2025 mkoa ulizindua biashara ya saa 24 pale, taa zikafungwa, kamera zikawekwa. Nalitakia heri jambo hili. Ila mteja wa saa nane usiku kwetu alikuwa ni jirani mwenye mtoto mgonjwa, na jirani hayupo. Wa kumbadili atatoka Lubumbashi na basi lake, labda.

Soko Kuu liliungua usiku wa Jumamosi, 10 Julai 2021. Niliangalia kwenye simu, Mbagala, nikiwa na mama. Mama alikuwa hakumbuki tena mambo mengi lakini alilitambua paa. Mwaka huohuo wamachinga waliondolewa barabarani, na kwa muda mfupi nilitembea Mtaa wa Kongo katikati, peke yangu, nikaona upana wake. Nilikuwa nimesahau kwamba ni barabara. Wakarudi kidogo kidogo, kama nilivyojua watarudi.

Halafu Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa liliporomoka pale mitaa ya Mchikichi na Kongo inapokutana. Zaidi ya watu 20 walikufa. Kundi letu la familia la WhatsApp lilijaa swali moja: nani yuko mjini? Mdogo wangu alipatikana baada ya saa nzima, alikuwa benki, simu kaizima. Nilipokuwa nikitazama ndugu za watu wamesimama nje ya ule utepe, wanapiga simu za walioko chini, nilifikiria wakati nyumba ya Kiswahili ilipoungua jirani yetu nikiwa mdogo. Kabla moto haujazimwa bibi alikuwa ameshahesabu: chumba cha kwanza wametoka wote, cha pili mtoto yuko chuoni, cha tatu mzee yuko Rufiji. Hesabu ile aliifanya kichwani, akiwa barabarani na mtandio mmoja begani. Kwenye ghorofa la fremu hakuna wa kuijua hesabu hiyo. Mwenye jengo anawajua wapangaji kwa kodi, mpangaji ana kijana wa kuuza, kijana ana wenzake wawili waliokuja kumsaidia Jumamosi ile tu.

Sasa binti wa kaka yangu naye ni winga. Amesoma kuliko sisi wote, ana stashahada, kazi haikupatikana, akaingia Kongo. Asubuhi anapita maduka ya watu akipiga picha mabegi na viatu, anaziweka kwenye status, wateja wa Mbeya na Songea wanachagua, anaongeza cha juu chake, anapakia kwenye basi. Hana duka, hana mzigo, hana meza. Nilimdharau mwanzoni, mpaka nilipoona mwezi mmoja mapato yake.

Mwaka jana alitaka kuacha kununua kimojakimoja, achukue mali kauli ya mabegi kwa dazeni. Mwenye duka, kijana wa Kikinga kutoka Makete, mpole na makini kupita umri wake, akamtaka namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, picha, na mdhamini mtu mzima. "Shangazi, twende," akaniambia. Nikaenda. Yule kijana alinipa kiti, akaniamkia vizuri, akaniuliza ninakaa wapi. Nikamwambia Mbagala. Akaandika. Nikamwambia lakini kwetu ni hapa, jengo lile pale, ghorofa lenye vioo vya bluu. Alitabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mama mtu mzima anayesema jambo ambalo si lazima liwe kweli.

Mlangoni alikuwa ameketi mpagazi mmoja, mzee, anangoja mzigo, kilemba cha kitambaa kichwani kwa ajili ya kubebea. Akainua uso. "Huyu ni wa kwa Bi Mkubwa," akasema. "Mama yake alikuwa na vitumbua." Sikumtambua. Bado nasumbuka nani yule. Nadhani ni kijana wa mkokoteni mwekundu, ila sikutaka kumuuliza mbele ya watu, maana ile nusu sikumbuki kama aliimalizia.

Binti akapewa dazeni mbili. Kila Jumamosi alipeleka pesa kwa lipa namba, akaongezewa dazeni, akaongezewa tena. Wiki moja mteja wa Songea akamgomea mzigo, pesa ikakwama, naye kwa woga akazima simu. Mwenye duka hakumtafuta polisi wala hakumtangaza mtandaoni. Alinipigia mimi, saa kumi na mbili asubuhi, nimeshika ndoo.

Nilipanda mwendokasi mpaka Gerezani na nusu ya deni kwenye leso, nikamkabidhi mkononi. Akahesabu, akanishukuru, akamwongezea binti wiki mbili. Nilikuwa nimeshainuka aliponiuliza, "Na wewe mama, mbona huchukui mzigo?" Nikamwambia nimestaafu mambo hayo. Akasema ameingiza vitenge vya kutoka Kongo, nchi si mtaa, vizuri, na kwamba akina mama wa Mbagala wanavitafuta. Nilivishika. Rangi haikuwa ya kuchuja. Nikamuuliza bei ya jumla, tukavutana, nikamwomba nyongeza, akakataa kwanza.